Muulize Seremala: Fundi Amekataa Mchoro Wangu

*Fundi, salaam. Nimechora meza yangu mwenyewe ya watu wanane, urefu futi 8 na upana futi 3 na nusu, mahogani tupu. Mbao za katikati zimelala kwa urefu, halafu pande zote nne zimezungushiwa ukingo wa inchi 4 unaokutana kwenye kona kwa digrii 45, kama fremu ya picha. Chini ya uso kuna ubao wa inchi 6 kuzunguka, ili meza ionekane nzito. Fundi wa hapa mtaani aliutazama mchoro akasema, "Hii itapasuka, mama," akanirudishia. Kumuuliza sababu, ananiambia eti mbao inapumua. Mti ulishakatwa ukafa, unapumua vipi? Mimi naona ni uvivu wa kukata zile kona. Nitafute fundi mwingine? — Mama wa watatu, Section 58, Nakuru*

Mama, usitafute mwingine bado. Rudi kwa huyo huyo.

Kosa lake ni kwamba alisema maneno matatu mahali palipohitaji thelathini. Kona za digrii 45 hazimtishi mtu. Kijana wangu aliyeanza kazi mwaka jana anazikata nane kabla ya chai ya saa nne. Na fundi mwenye tamaa angekubali mchoro wako siku hiyo hiyo, akachukua malipo ya kwanza, ukaja kumtafuta Februari simu yake imezimwa.

Hapa kwenye karakana yangu Kibuye, Kisumu, nyuma ya mlango, kuna kipande cha mbao kinachoning'inia kwenye msumari. Kina urefu wa sentimita 60 na upana wa vidole viwili. Nilikikata kwa kukingama uso wa meza, kwa hiyo urefu wa kipande ndio uliokuwa upana wa mbao. Ukutani, chini ya ncha yake, nimechora mistari ya penseli. Kuna mstari wa Februari, kiangazi kikiwa kimekolea, na mstari wa Mei, baada ya mvua ndefu. Kati ya mistari hiyo miwili pana milimita 4. Kipande ni kile kile na msumari ni ule ule. Wateja wakibisha huwa siongei sana, nawapeleka nyuma ya mlango.

Meza kilikotoka kipande hicho niliitengeneza mwenyewe nikiwa bado kijana, kwa mteja wa Milimani hapa Kisumu. Mchoro ulikuwa kama wako kabisa. Nilipaka gundi pande zote nne, nikabana kwa klampu usiku kucha, nikaipeleka Aprili ikiwa inang'aa. Februari iliyofuata mwenye meza akanipigia: "Fundi, meza yako imelia usiku." Walidhani mwizi amevunja dirisha. Nilipofika nikakuta ufa wa karibu nusu mita katikati ya uso, unaopitisha kadi ya benki. Nilirudisha pesa, nikabeba meza kwa mkokoteni huku watu wananitazama.

Sasa yale maneno thelathini. Mbao, hata ikiwa ya mti uliokufa miaka mingi, hunyonya unyevu wa hewa wakati wa mvua na kuuachia wakati wa kiangazi. Bila shaka una mlango nyumbani unaokwama Aprili na kufunguka wenyewe Januari. Ni jambo lile lile. Ila mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake. Kwa urefu haisogei kiasi cha kuonekana. Uso wako wa futi 3 na nusu, ukifuata hesabu ya kipande changu, unataka kusogea karibu milimita 7 kila mwaka. Ukingo wa kichwani mwa meza umelala kwa kukingama, na urefu wake hausogei. Hapo umemfunga anayetaka kutembea kwa anayetaka kusimama, tena kwa gundi. Mvua ikija, kona zako nzuri zitaachana. Kiangazi kikija, katikati patachanika.

Unaweza kufanya hivi. Ukiupenda ule ukingo wa vichwani, uweke huko peke yake, ukatwe mraba badala ya digrii 45. Fundi achonge ulimi kwenye mwisho wa mbao za katikati uingie kwenye mfereji wa ukingo, na gundi ipakwe katikati tu, kama upana wa kiganja. Kwingine ashike kwa vijiti vya mbao vinavyopita kwenye matundu marefu kidogo ndani ya ulimi, ili mbao iteleze. Kuna miezi utapitisha kidole pembeni mwa meza usikie ukingo umejitokeza kidogo. Usimpigie simu, ndivyo inavyotakiwa.

Kama roho yako haitatulia bila digrii 45, basi katikati pawe plaiwudi nene iliyobandikwa ngozi nyembamba ya mahogani. Plaiwudi imepangwa tabaka juu ya tabaka, nyuzi zikikingamana, kila tabaka linamzuia mwenzake, na haisogei kiasi cha kuvunja fremu. Ukiitazama juu hutajua tofauti. Ubaya wake ni kwamba ikichunika huwezi kupiga randa, utatoboa ile ngozi. Mimi ningechagua ile ya kwanza, lakini meza ni yako.

Vyovyote utakavyoamua, muulize uso utashikwaje kwenye fremu ya miguu. Akisema gundi au misumari, mzuie. Aweke vibanio vidogo vya mbao vilivyofungwa kwa skrubu chini ya uso, meno yake yakiingia kwenye mfereji wa ubao wa fremu. Uso ukitaka kusogea, vibanio vinasogea nao. Na mbao asinunue zilizoshuka kwenye lori jana. Mahogani nyingi tunayotumia huku inaingia kwa mpaka wa Busia, na baadhi hufika bado ina maji. Azipange kwenye karakana yake hapo Nakuru, vijiti katikati ya kila ubao, mpaka kipima unyevu kisome asilimia 12 kwenda chini.

Lipo jambo ambalo fundi wako hakuligusa, na mimi ndilo lililonishtua kwanza. Ule ubao wa inchi 6. Meza ya kulia husimama sentimita 75, kiti hukaliwa kwenye 45. Toa unene wa uso, toa inchi 6, utabaki na nafasi ya sentimita 11 hivi kwa mapaja ya wageni wako. Shemeji mnene hataingia. Upunguze uwe inchi 4.

Halafu tafuta katoni za friji dukani, zikate ziungane kwa ukubwa wa meza, uzitandike sebuleni. Panga viti, kaa, simama, pita nyuma ya aliyekaa ukiwa umebeba sinia. Pima na mlango pia. Meza yako haitapita mlango wa kawaida ikiwa imesimama, kwa hiyo miguu ifungwe kwa bolti.

*Fundi, mteja alileta picha kwenye simu, tukakubaliana miguu ya mraba. Nilipomaliza akataka ya mviringo. Nimeichonga, sasa anasema ameona ya chuma ni mizuri zaidi. Pesa hataki kuongeza. — Fundi kijana, Kakamega*

Ndugu yangu, picha ya simu si mchoro. Kila mtu anaona ndani yake anachotaka. Chukua karatasi, chora meza kwa mbele, kwa ubavu na kwa juu, andika vipimo, aina ya mbao, rangi ya vanishi na umbo la mguu, kisha mtie sahihi wote wawili. Mguu wenye umbo gumu huwa nautengeneza mmoja kwanza kwa saipresi, mteja aushike. Malipo ya kwanza yalipe mbao zote, maana mbao zikishakatwa hakuna duka litakalozirudisha.

Kwa huyu wa sasa, hasara ya miguu ya mviringo imeze, ulichonga bila kuandika. Ya chuma mpe bei leo, kabla hujaongea na mtu wa kuchomelea, na usimtume mpaka pesa iingie. Ile miguu minane uliyo nayo usiichome kuni. Hizo ni meza mbili.

*Sufuria ya moto imeacha duara jeupe kwenye meza yangu. Nipige msasa? — Bondo*

Hapana. Duara jeupe ni unyevu uliokwama ndani ya vanishi. Tandika kitambaa kikavu cha pamba, pitisha pasi ya moto mdogo sekunde chache, inua, tazama, rudia. Duara likiwa jeusi, maji yameshafika kwenye mbao, na hapo ndipo msasa unapohitajika.