Nihesabieni vidato kwanza

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Jioni ya mlo wa kifahari juu ya paa, ina thamani ya pesa inayolipwa?" Jibu la haraka ni hapana, na lingetosha kwa mistari miwili. Ila kila nikilisoma swali naliona limekaa upande. Mmeuliza habari ya pesa na mandhari. Jiko liko wapi, hamkuuliza.

Nitasemea Mji Mkongwe wa Unguja, kwa sababu huko ndiko paa limekuwa biashara. Nyumba zenyewe mnazijua: ghorofa tatu, nne, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimelalia boriti za mikoko, ngazi imebanwa ukutani, kidato kirefu kuliko cha nyumba za leo, na kona ambazo watu wawili hawapishani mpaka mmoja ageuke ubavu. Jiko, kwa sababu ya maji, mitungi ya gesi na joto, mara nyingi liko chini. Meza ziko juu. Mgeni analipia kilicho katikati, yaani ngazi. Chukueni watu arobaini, kila mmoja sahani tano. Hizo ni sahani mia mbili kupanda na mia mbili kushuka, kwa miguu, na bado hamjahesabu glasi, barafu, chupa za maji na mgeni aliyesahau simu yake chini.

Kuna meza moja ya watu sita ambayo wahudumu wa nyumba fulani wakiikumbuka mpaka leo wanashika kichwa. Nyumba siitaji. Ilikuwa mwezi wa saba, upepo wa kusi umekaza. Jiko chini, meza darini, yaani juu ya paa, vidato sitini na viwili. Sahani ya tatu ilikuwa changu wa kukaanga kwa upande wa ngozi, amelazwa juu ya mchuzi mweupe wa tui wenye ndimu na pilipili mbichi. Kwenye kadi ya chakula ilisomeka vizuri sana.

Jikoni kila kitu kilifanywa sawasawa. Minofu ilikaushwa kwa kitambaa, ikatiwa chumvi dakika za mwisho ili isitoe maji, ikawekwa kwenye kikaango cha chuma ngozi chini, ikakandamizwa kidogo isijikunje. Dakika nne, kisha kugeuza nusu dakika tu. Ngozi ikatoka inalia kama jani kavu. Shida ni kwamba kikaango kilichukua minofu minne na meza ina watu sita, na adabu ya mlo wa namna hii ni sahani zote zitue pamoja. Kwa hiyo minne ya kwanza ikasubiri miwili ya mwisho, karibu dakika tano. Ili isipoe ikafunikwa kwa vifuniko vya chuma, vile vya kung'aa vyenye kishikio juu.

Hapo ndipo samaki alipoharibika, kabla hajapanda hata kidato kimoja. Samaki wa moto anatoa mvuke. Mvuke unagonga chuma, unakuwa maji, maji yanarudi juu ya ngozi. Dakika mbili tu, ule ukavu umekwisha. Huku nyuma mchuzi uliokuwa ukisubiri samaki ulikuwa juu ya moto unaoitwa mdogo, lakini majiko ya gesi ya mahotelini hayana mdogo wa kweli. Ukachemka. Tui likakatika, mafuta juu, chengachenga chini. Mpishi akaliepua, akatia kijiko cha tui zito la baridi, akapiga kwa nguvu mpaka likashikana. Dawa hiyo inafanya kazi, lakini ni dawa ya muda: likitikiswa tena huku linapoa, linaachana tena.

Na ngazi ni kutikisa. Wahudumu watatu, sahani mbili kila mmoja, kwa kuwa sinia kubwa halipiti kwenye kona. Ghorofa ya pili wakakutana na mgeni wa meza nyingine anashuka kwenda chooni. Wakasimama, wakajibana ukutani, wakasema "karibu, karibu", yule naye akasimama kuwapisha, kila mmoja anamwonea mwenzake haya. Mchuzi ukatambaa mpaka ukingoni mwa sahani. Wakaendelea. Juu, mlango wa darini ulipofunguliwa, kusi ikawapokea usoni. Mishumaa miwili ikazimika. Vifuniko vikainuliwa kwa pamoja, kwa mbwembwe, kama walivyofundishwa, na ule mvuke mdogo uliobaki ukachukuliwa na upepo kuelekea mtaa wa Malindi.

Wageni wakala. Hakuna aliyelalamika, na hilo ndilo linaloniuma zaidi katika habari yote. Giza lilikuwa limeingia, upepo unapiga, bahari iko pale, nani ataanza kugombana na ngozi ya samaki? Mama mmoja tu aliibandua kwa uma, akaikunja pembeni ya sahani kama karatasi iliyoloa, akamuuliza mhudumu kwa upole: "Mwanangu, hii ilikuwa iweje?"

Nani alikosa? Mpishi hakukosa, wahudumu hawakukosa. Aliyekosa ni yule aliyeandika kadi ya chakula akiwa amekaa chini, hajawahi kupanda na sahani mkononi. Kitu cha kukaangwa kikauke hakipandi ngazi. Sambusa hazipandi. Viazi vya kukaanga ndiyo kabisa.

Sasa, nikiandika haya naona hasira yangu inaanza kuhama, maana chakula chetu chenyewe kimezaliwa kinajua kusafiri. Hebu fikirini sinia la wali la shughuli. Linapikwa uani, linapelekwa nyumba ya tatu, limefunikwa kawa la ukindu. Kawa linazuia nzi na linatunza joto, lakini lina matundu, linapumua. Mvuke unatoka polepole, wali haurowani. Bibi zetu walilijua hilo bila kusoma chochote, na leo tunanunua vifuniko vya chuma kutoka ng'ambo vije vituchemshie samaki mezani. Biriani lililofungwa ndani ya chungu likikaa dakika kumi linazidi kuwa zuri. Mchuzi wa pweza, vivyo hivyo. Samaki wa kupaka haulizi ngozi, kwa sababu rojo la nazi limeshamfunika. Ngisi wa baridi kwa ndimu, kachumbari, achari ya embe, hivi vinaweza kupanda hata mnara.

Kwa hiyo zipo nyumba ambazo zimeifikiria ngazi yao. Mtaziona kwa dalili. Pembeni ya dari pana jiko dogo, la mkaa au la gesi, na mtu anamalizia chakula palepale: mchuzi unapanda ndani ya sufuria nzito yenye mfuniko, unapashwa juu, ndipo unamiminwa. Sahani zimewekwa kwenye kabati la moto darini, hazipandi na chakula. Nyingine zina kapi na kamba upande wa uani, na kapu linapandisha mikate, barafu na vyombo, ile mbinu ya zamani ya kushusha kapu dirishani kwa muuza mboga. Ila kwenye kapu usiweke sahani yenye mchuzi, litainama. Nyumba kama hizo kadi yake ni fupi, na kati ya sahani tano mbili ni za baridi kwa makusudi. Ukiona sahani tano zote za moto na zote zimepambwa moja moja kwa kibano, rudi chini ukale urojo.

Simu moja kabla ya kuweka nafasi inamaliza mengi. Uliza sahani zinamaliziwa wapi. Uliza mvua ikija mnahamishiwa wapi, hasa masika na vuli. Wakisema "huwa hainyeshi usiku", shukuru, kata simu. Uliza meza ngapi ziko juu, na hili si kwa ajili ya faragha tu. Watu arobaini wa kilo sabini ni karibu tani tatu, juu ya nyumba ambayo pengine ina umri wa zaidi ya karne na ina tangi la maji hapohapo darini. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, iporomoke Disemba 25, 2020, mwenye nyumba anayekerwa na swali hilo amekwisha kukujibu.

Pweza nayo ina siku zake. Anayevuliwa kwa miguu mwambani hupatikana bamvu, maji yanapokupwa mbali, karibu na mwezi mpya na mwezi mpevu. Ikiwa ni maji mafu, yasiyokupwa mbali, na kadi inasema "pweza wa leo", huyo ametoka kwenye friza. Si tusi, maana kugandisha kunalainisha nyama yake, ila lile neno "leo" lisikuongezee bei. Na kusi ikivuma kwa nguvu ngalawa nyingi hazitoki mbali, kwa hiyo samaki anapanda bei sokoni siku zilezile ambazo upepo unampoza mezani.

Wengi wanaweka nafasi kwa ajili ya machweo, halafu wanayakosa au wanakikosa chakula. Unguja mwezi Juni jua linazama kama saa 12 na robo. Mwanzoni mwa Februari ni karibu saa 1 kasorobo. Baada ya hapo giza linaingia ndani ya dakika ishirini na kitu, hatuna jioni ndefu. Ukikaa saa 1 kamili mwezi Juni umelipia giza. Tena jua halizami mahali pamoja: Juni linaelekea kaskazini ya magharibi, Disemba kusini yake, na meza iliyosifiwa na rafiki yako mwezi wa saba, mwezi wa kumi na mbili inatazama tangi jeusi la plastiki la jirani. Omba kinywaji tu wakati wa machweo, juisi ya ukwaju, au ya bungo ukiwa msimu wake, na chakula cha moto kisiletwe mpaka giza liingie. La sivyo sahani itafika watu wote wamesimama wanapiga picha. Adhana ya magharibi nayo inaingia dakika hizohizo, msikiti baada ya msikiti, na wapiga taarabu wanaojiheshimu, wa kanuni na wa fidla, huweka ala chini. Nyumba ambayo spika yake haipunguzwi hata hapo, mimi singeipa shilingi.

Wakati wa kusi, kaa upande wa kaskazini wa dari, ukuta au kibanda kikiwa mgongoni. Wakati wa upepo wa kaskazi, kinyume chake. Na msichungulie chini: dari la Mji Mkongwe lilikuwa ua wa juu wa wanawake, na nyua za majirani bado zina watu.

Bei nitaipita haraka. Neno la kuogopa ni "plasi plasi" mbele ya tarakimu, yaani huduma na kodi bado hazijaongezwa. Mfano wa Dar, ambako VAT ni 18%: kadi inasema shilingi 120,000 plasi plasi, huduma 10% inafanya 132,000, VAT juu yake inafanya 155,760. Kwa wawili mmeshapita laki tatu hamjanywa maji. Wakikutajia bei kwa dola, kumbusha kwamba kanuni za mwaka 2025 zinataka bei za ndani ziwe kwa shilingi. Na kama hamnywi mvinyo ulioambatanishwa na kila sahani, uliza bei bila huo mvinyo. Mara nyingi ipo, haisemwi.

Nilianza na hapana. Nikijisoma naona nimeandika masharti mengi kuliko mtu anayekataa. Basi niseme ndiyo, kwa nyumba yenye jiko dogo juu na kadi fupi, Septemba kusi ikilegea au Februari, mara moja kwa jambo lenye sababu, kama posa au mgeni aliyetoka mbali. Kwa Ijumaa ya kawaida, pandeni kwa juisi, tazameni jua, shukeni, nendeni mkale kwa anayewapikia mbele ya macho. Forodhani pia, kwenye vyakula vya usiku, ila mishkaki ya samaki iliyokwisha iva na kupangwa mezani muiache, mchague mbichi ichomwe mkiwa mmesimama, na bei mkubaliane kabla. Na lile hapana langu linabaki palepale kwa changu wa ngozi kavu aliyebebwa vidato sitini na viwili, hata kama nyumba ina taa za shaba na mhudumu ana kanzu ya hariri.

Kama mnampeleka bibi, au yeyote mwenye magoti, ongezeni swali moja kwenye ile simu: choo kiko ghorofa ya ngapi.