Barua za wasomaji: Ifuate reli iliyokufa

Shikamoo Mama. Mimi ni baba wa watoto wawili, wa miaka 11 na 8, tunaishi Birmingham. Mwaka jana tuliwapeleka Wales kuona milima, tukabeba na baiskeli. Tulishika barabara ya kuelekea Yr Wyddfa, mlima mrefu kuliko yote Wales, mabasi na malori yakawa yanatupita ubavuni mpaka mdogo akalia. Mke wangu amesema yeye na baiskeli za milimani basi. Je, ndani ya hifadhi ile ya taifa ya Eryri ipo njia isiyo na magari, ambayo mtoto wa miaka 8 ataimaliza bila kushuka na kusukuma? Na kiingilio ni kiasi gani?
– Baba wa wawili, Birmingham

Marahaba, mwanangu. Mpe pole mdogo, na mkeo usimlaumu. Lori likikupita karibu hivyo hata mtu mzima roho humruka.

Njia ipo, na ni tambarare kuliko mitaa mingi ya hapo Birmingham. Kosa lenu lilikuwa moja: mliitafuta kwenye ramani ya barabara. Mimi milimani naitafuta reli iliyokufa. Treni ya mvuke haiwezi kilima kikali. Waliojenga reli katika karne ya 19 walilazimika kuubembeleza mlima: walifuata mto, walizunguka miguuni mwa vilima, na walipokosa pa kupita walichimba handaki. Miaka ya 1960 Uingereza ikazifunga reli nyingi za namna hiyo. Vyuma viking'olewa, tuta linabaki pale pale, na mwinuko wake ni ule ule ambao gari moshi liliuweza. Mtoto wa miaka 8 anauweza pia.

Ya kwenu ni njia ya Mawddach, kutoka mji wa Dolgellau hadi Abermaw, ambao Waingereza huuita Barmouth. Ni kilomita 15 hivi, na reli yake ilifungwa mwaka 1965. (Sisi wa pwani tusiogope majina ya Kiwelsh. Ile dd yao ni dh yetu ya dhahabu, na ch yao ni kh ya sheikh. Sema Maudhakh, na mwenyeji atakufurahia.) Upande mmoja una mlango wa mto unaojaa na kupwa kama maji ya Pangani, upande wa pili una mteremko wa Cadair Idris, mlima wa mita 893. Chini ni kokoto zilizoshindiliwa. Mageti ya kufungua yapo, na pale Penmaenpool, penye daraja dogo la mbao la kulipia na hoteli iliyochukua jengo la stesheni ya zamani, mtakutana na magari machache yanayoegesha. Hapo mshikeni mdogo mkono.

Watoto waanzie Abermaw, wasianzie Dolgellau. Vitabu vingi vinaanza upande wa Dolgellau ili daraja kubwa la Abermaw, linalovuka mlango wa mto, liwe zawadi ya mwisho, lakini upepo wa pale mara nyingi unatoka magharibi, baharini. Mimi nimekulia Tanga, najua maana ya kwenda na upepo na maana ya kuupinga. Mtoto akiupata mgongoni, kilomita 15 zinakuwa 10. Akiupata usoni atakuuliza kila dakika mmebakiza kiasi gani. Kwenda na kurudi siku moja ni kilomita 30, usimlazimishe. Mkeo atembee nao kwa miguu darajani hadi ng'ambo, kisha arudi achukue gari, awapokee Dolgellau. Si lazima apande baiskeli. Ninachotaka ni aione sura ya mdogo akiwa katikati ya lile daraja.

Daraja lenyewe nalipenda, niruhusu niliseme kidogo. Lilifunguliwa mwaka 1867, urefu wake ni karibu nusu maili, na sehemu kubwa imesimama juu ya mamia ya nguzo za mbao zilizoingia kwenye matope ya bahari. Treni bado inapita juu yake, ila imetengwa na waendao kwa miguu na baiskeli kwa uzio. Tairi likipita juu ya mbao unasikia mlio mmoja mfululizo, kama mtu anapapasa ngoma kwa vidole, na mlio ule unabadilika ukifika kwenye sehemu ya chuma. Mwaka 1980 iligundulika kuwa wadudu wa baharini watoboao mbao wamezila nguzo nyingi kutoka ndani, treni zikasimamishwa ili litengenezwe. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka babu yangu mzaa mama. Alikuwa baharia, na mashua yao ilipandishwa ufukweni kila mara, ikakwanguliwa tumboni na kupakwa deheni, yaani mafuta na chokaa, kwa sababu ya wadudu wale wale. Sikutegemea kuwakuta Wales.

Kiingilio hakuna. Eryri, ambayo kwa Kiingereza iliitwa Snowdonia, si kama Mikumi ambako unasimama getini ukatiwe risiti. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951, ina kilomita za mraba 2,130 hivi, na ndani yake watu wanaishi, wanafuga kondoo, wana shule zao na maduka yao. Utalipia maegesho tu. Mkitaka kwenda kwa treni, ipo ya moja kwa moja kutoka Birmingham hadi Abermaw kwa njia ya Shrewsbury, ninakoishi mimi. Ni safari ya kama saa 4. Nafasi za baiskeli ndani ya treni ni chache mno, kwa hiyo weka nafasi mapema au mkodi baiskeli huko huko. Mkikodi, kagua breki kabla hujalipa: inua gurudumu la mbele, lizungushe, bana breki. Mimi duka moja lilinipa baiskeli ambayo breki ya nyuma ilikuwa inagusa upande mmoja tu, nikaja kugundua nikiwa nimeshafika njiani na mjukuu.

Bebeni pampu, viraka viwili vitatu na solusheni, ile gundi ya viraka. Karibu na kijiji cha Arthog kuna vichaka vya miiba vinavyokatwa pembeni ya njia, na mwiba mmoja ulilitoboa tairi la mwanangu. Marehemu baba yangu alikuwa fundi baiskeli Ngamiani, kule Tanga. Nikakaa kwenye majani, nikaubandua mpira kwa mikono, nikautia upepo na kuuzamisha kwenye kidimbwi cha maji ya mvua, kama alivyokuwa akiuzamisha kwenye karai. Vijipovu vikatoka. Nikakausha kwa khanga, nikasugua kwa msasa, nikapaka solusheni na kusubiri ikauke hadi isishike kidole, ndipo kiraka. Watu wengi wanabandika solusheni ikiwa mbichi, ndiyo maana kiraka kinaachia. Alipita mzee mmoja wa Kiwelsh na mbwa wake, akasimama kutazama mpaka mwisho, akasema hajaona mtu akifanya vile tangu utoto wake. Siku hizi, alisema, wanatupa mpira wananunua mwingine.

Kuhusu sala, kwa kuwa najua utauliza: pale stesheni ya Morfa Mawddach, mwisho wa daraja upande wa kusini, kuna vyoo na nafasi ya majani. Kibla ni upande ule ule wa Cadair Idris, kulia kidogo.

Mkubwa wa miaka 11 akinogewa, safari ya pili mpelekeni Lôn Las Ogwen. Inaanza bandari ya Porth Penrhyn pale Bangor na kupanda taratibu, karibu kilomita 18, hadi ziwa la Ogwen chini ya mlima Tryfan. Sehemu kubwa haina magari, na kuna handaki la kupita, hivyo chukueni taa. Hii ni ndefu na inapanda kweli, kama mita 300 kutoka usawa wa bahari, lakini kurudi ni kuteremka tu. Sehemu yake ya chini ni tuta la reli iliyoteremsha mawe ya sleti, yale mabamba meusi ya kuezekea, kutoka machimbo ya Penrhyn. Mwishoni mwa karne ya 19 hayakuwapo machimbo ya sleti makubwa kuliko hayo duniani. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka mandhari ile ya sleti katika urithi wa dunia. Waeleze watoto mambo mawili mkiwa njiani. Kwanza, Richard Pennant aliyeyakuza machimbo yale alikuwa na mashamba ya miwa Jamaika, yaliyolimwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Fedha ile ndiyo iliyofungua mlima huu. Pili, wachimbaji wenyewe waligoma miaka 3, kuanzia 1900 hadi 1903, familia zao zikalala njaa. Ni njia nzuri sana kupita, na nisingependa mtoto wetu apite pale bila kuyajua hayo.

*

Mama, mimi ni kijana wa Manchester, nina baiskeli ya milimani. Naruhusiwa kuipandisha Yr Wyddfa hadi kileleni?
– Kijana, Manchester

Unaruhusiwa, kwa adabu. Kwa sheria ya mwaka 1968 ya Uingereza na Wales, baiskeli inaruhusiwa kwenye njia za farasi, ila mwenye baiskeli awapishe waendao kwa miguu na wenye farasi. Njia za waendao kwa miguu tu huna haki nazo. Yr Wyddfa ina njia tatu za aina ya farasi: ya Llanberis, ya Rhyd Ddu na ile iitwayo Snowdon Ranger. Kuanzia 1 Mei hadi 30 Septemba yako makubaliano ya hiari kwamba waendesha baiskeli wasiwepo kwenye njia hizo kati ya saa 4 asubuhi na saa 11 jioni. Ni hiari, naam, lakini yaheshimu. Watoto na wazee wanakuwa wengi mle, na kilele ni mita 1,085, baiskeli ikikuponyoka juu kule haiishii miguuni pako. Ondoka alfajiri. Kama unataka kujipasha moto kwanza, jaribu Lôn Gwyrfai, kutoka Rhyd Ddu hadi Beddgelert, kilomita 7 hivi zenye mawe na vilima vya kutosha. Baba wa wawili, wewe hiyo iache.

*

Shikamoo. Nyinyi mlio Ulaya mnazo hizo. Sisi tulio Nakuru je?
– Msomaji, Nakuru

Marahaba. Nendeni Hell's Gate, karibu na Naivasha. Ni hifadhi tangu mwaka 1984, na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wanaruhusu baiskeli kuingia. Utakodi getini, uchunguze breki kama nilivyosema, upite chini ya mwamba wa Fischer's Tower, punda milia wakikuangalia. Sitakudanganya kuwa hakuna magari. Yapo, na vumbi lake utalila, hivyo uingie asubuhi mapema. Nyati usimsogelee hata kwa picha. Na korongoni usishuke kama kuna wingu la mvua, hata ikiwa inanyesha mbali na wewe. Maji ya ghafla yaliua watu mle mwaka 2012, na tena mwaka 2019.

*

Dada, nina miaka 54, niko Leicester. Wanangu wanaendesha baiskeli, mimi sijawahi kupanda hata siku moja. Kwetu Lamu msichana hakufundishwa. Naona haya kuanza sasa. Nimechelewa?
– Mama wa Leicester

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu.

Nilikwambia hapo juu kwamba baba yangu alikuwa fundi. Nilikaa kando ya karai lile tangu nina miaka 6. Nilijua spoki, cheni, madigadi, nilijua kunyoosha gurudumu lililopinda, na jirani walileta baiskeli zao kwangu baba akienda msikitini. Kupanda sikupanda. Kaka zangu walipanda, mimi nilipokea spana. Baba hakunikataza kwa neno, na mimi sikuomba. Nilijifunza nikiwa na miaka 38, hapa Shrewsbury, kwenye bustani ya kando ya mto, saa 12 asubuhi ili nisionwe. Nilianguka mara mbili, zote upande wa kulia. Baba alikuwa hai bado, nikampigia simu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kiti nimekiweka juu au chini.

Kiweke chini, dada, mpaka nyayo zote mbili zikanyage ardhi huku umekaa. Halafu ondoa pedeli zote mbili. Tafuta mahali penye majani mafupi na mteremko mdogo sana, mdogo hivi kwamba mpira wa miguu ungejivuta tu. Sukuma kwa miguu kama mtoto, macho yatazame mbele, usilitazame gurudumu. Baada ya siku mbili tatu miguu yenyewe itaanza kuinuka. Siku utakayohesabu hadi 10 bila kugusa chini, rudisha pedeli ya kulia, na kesho yake ya kushoto.

Utahitaji spana namba 15. Pedeli ya kulia inafunguka kawaida, kinyume cha mwendo wa saa. Ya kushoto skrubu yake imegeuzwa, inafunguka kufuata mwendo wa saa, na watu wengi huiharibu kwa kuilazimisha. Ukiiona haitoki, usiivunje. Niandikie.