Swali la Lugha: Nyimbo zimechanganywa, zimechanganyika au zimeunganishwa?

SWALI: Msomaji wetu wa Sinza, Dar es Salaam, anaandika: "Kikundi chetu cha wapenzi wa muziki hukutana kusikiliza albamu nzima bila kuruka wimbo, kisha kila mmoja huandika maoni yake, nami huyahariri kwa ajili ya kijarida chetu. Safari hii tulisikiliza Northern Exposure, albamu ya progresivu hausi, yaani muziki wa kielektroniki wa kuchezwa klabuni, ya ma-DJ wawili wa Uingereza, Sasha na John Digweed. Mmoja ameandika 'nyimbo zimechanganywa vizuri', mwingine 'zimechanganyika vizuri', na wa tatu 'zimeunganishwa vizuri'. Yupo aliyeandika kwa kifupi tu, 'albamu hii imenichanganya', na mwingine, 'muziki haukolei'. Je, naweza kuyaweka yote katika msamiati mmoja ili kijarida kisomeke vizuri?"

JIBU: Nakuomba usifanye hivyo. Wasikilizaji wako watatu wa kwanza hawakusifu kitu kimoja, na ukiwalazimisha watumie kitenzi kimoja utakuwa umefuta maoni ya wawili kati yao.

Tuanze na kitu chenyewe kinachozungumziwa. Albamu hiyo ilitolewa na lebo ya muziki ya Ministry of Sound ya London mwaka 1996, nayo ina diski mbili. Umaarufu wake haukutokana na Sasha na Digweed kuimba au kupiga ala, bali ulitokana na kazi yao ya kuchagua nyimbo za wasanii mbalimbali, kuzipanga, na kuzipitisha moja juu ya nyingine ili muziki usikike bila kukatika. Nyimbo za progresivu hausi, mtindo uliochipuka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kutokana na hausi ya Chicago, hutengenezwa kwa kuizingatia kazi hiyo: mara nyingi huanza na kuishia kwa midundo mitupu, ili DJ apate nafasi ya kuuingiza wimbo wa pili wakati wa kwanza ungali unatoka. Kwa hiyo msikilizaji anaposema "vizuri", inafaa tujue uzuri huo anampa nani: DJ, nyimbo zenyewe, au namna zilivyopangwa. Katika Kiswahili jambo hilo hukaa kwenye mnyambuliko wa kitenzi.

"Nyimbo zimechanganywa vizuri" ni kauli ya kutendwa. Hata mtendaji asipotajwa, kiambishi -w- kinatuambia kwamba yupo, na kwamba sifa ni ya mikono yake. Aliyeandika hivyo amewasifu Sasha na Digweed. Kasoro ya kauli hii haimo katika kitenzi, imo katika neno dogo linalokifuata, yaani "na". Kauli ya kutendwa humtambulisha mtendaji kwa "na", lakini kitenzi "changanya" nacho kinaihitaji "na" hiyohiyo ili kuonyesha kitu kimewekwa pamoja na nini. "Midundo imechanganywa na kinanda" na "midundo imechanganywa na Sasha" hazimsumbui msomaji, kwa sababu anajua kinanda hakiwezi kuchanganya muziki. Sasa chukua sentensi hii: "Muziki huu umechanganywa na wasanii wa Chicago." Je, wasanii hao ndio waliofanya kazi ya DJ, au nyimbo zao zimetiwa ndani ya mchanganyiko uliofanywa na mtu mwingine? Sentensi haisemi, na hakuna alama ya uandishi itakayoiokoa. Ukikutana na utata huo, rudi kwenye kauli ya kutenda, "Sasha na Digweed wamezichanganya nyimbo za wasanii mbalimbali", na mambo yatakaa sawa.

"Nyimbo zimechanganyika vizuri" ni kauli ya kutendeka, na humo mtendaji hayumo kabisa. Tunasema kikombe kimevunjika bila kumtaja aliyekivunja, wala hatusemi kimevunjika na mtoto. Ndiyo maana mtu akiandika "nyimbo zimechanganyika na Sasha" atakuwa amemgeuza Sasha kuwa mmoja wa vitu vilivyochanganyika, jambo ambalo hakulikusudia. Msikilizaji huyu wa pili anasifu matokeo: anachosikia ni kitu kimoja, na hawezi kuonyesha kwa kidole mahali wimbo wa kwanza ulipoishia. Kwa maoni yangu hiyo ni sifa kubwa kuliko ile ya mwenzake, maana katika albamu ya aina hii kazi ya DJ hufanikiwa zaidi pale inapoacha kuonekana.

Kauli hiyo ya kutendeka ina uwezo mwingine ambao wahariri wengi huupita bila kuugusa. Ikiwa na -me- hueleza hali iliyokwisha kutokea, lakini ikiwa na -na- mara nyingi hueleza uwezekano, kama tusemavyo kwamba njia inapitika au chakula kinalika. Hapo ndipo maoni ya kukosoa yanapoweza kuwa sahihi kabisa. Anayesema nyimbo mbili "hazichanganyiki" anaulaumu uchaguzi: kwake yeye hazifai kukaa pamoja hata zikishikwa na nani. Anayesema "hazikuchanganyika" hasemi kwamba haziwezi, anasema tu kwamba safari hii jambo halikutimia. Na anayesema "hazikuchanganywa vizuri" ameielekeza lawama kwa DJ moja kwa moja. Chukua mfano wa hapa kwetu. Mtu akisikia kwamba hausi ya mapigo 125 kwa dakika inataka kukutanishwa na singeli ya mapigo 250, anaweza kusema upesi kwamba hazichanganyiki. DJ wa Tandale au Mburahati atamwambia zinachanganyika, kwa kuwa 250 ni mara mbili ya 125 na midundo itaangukia mahali pamoja. Mabishano hayo yote ni juu ya -ik-, kiambishi cha kutendeka, peke yake. Ufundi wa DJ bado haujajadiliwa.

"Zimeunganishwa" ni habari nyingine. Kuunganisha ni kushikanisha ncha na ncha, na vinavyounganishwa hubaki vikionekana kila kimoja mahali pake, kama mabehewa ya treni. Msikilizaji wako wa tatu anasema kwamba ameusikia mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwingine, na maungio hayakumkera. Hiyo ni sifa halali, lakini siyo sifa ya mchanganyiko, na mwandishi wa "zimechanganyika" angeikataa.

Katika barua yako nimekosa kitenzi ambacho ningependa kukiona, nacho ni "kupokezana". Waimbaji wetu wamekuwa wakipokezana tangu zamani, na kitenzi hiki kinaifaa sana kazi ya DJ. Wimbo wa pili unapoingia, DJ hupunguza besi ya ule unaotoka kabla hajaiachia besi ya unaoingia, kwa sababu besi mbili zikinguruma kwa pamoja husikika kama kelele nzito isiyo na umbo. "Besi zinapokezana" ni maneno mawili tu, yamebeba tendo zima, na msomaji wa Sinza hahitaji maelezo ya ziada.

Kuhusu "albamu hii imenichanganya", hapo usikisie. Katika mazungumzo ya Dar es Salaam mtu huweza kusema amechanganywa na binti, na kila mtu akaelewa kwamba amependa. Katika maandishi rasmi kitenzi hicho humaanisha kwamba mtu ametatizika, na ukikinyambua zaidi ukapata "nimechanganyikiwa", karibu kila msomaji atasoma lawama. Mwulize mwandishi alikusudia lipi, kisha umwombe aongeze maneno machache: "imenichanganya kwa utamu wake", au "imenichanganya, sikujua ni wimbo upi unaopigwa". Asipopatikana, yaache maneno yake kama yalivyo ndani ya alama za kunukuu. Usimchagulie upande.

Sasa "muziki haukolei". Kitenzi ni kizuri mno, na wasikilizaji wetu walikitumia kwa ngoma na dansi kabla ya kukitumia kwa hausi. Nina shaka na ukanushi wake tu. "Haukolei" ni hukumu ya jumla: ndivyo ulivyo na ndivyo utakavyokuwa. "Haujakolea" huacha mlango wazi, maana -ja- hudokeza kwamba jambo bado linatarajiwa. "Haukukolea" hufunga hesabu baada ya kusikiliza kuisha. Tofauti hizi ni nzito kwa progresivu hausi kuliko kwa mitindo mingi, kwa sababu ni muziki unaopanda polepole kwa makusudi. Wimbo mmoja unaweza kufika dakika nane au tisa, na sauti zikaongezwa moja baada ya nyingine. Anayeandika "haujakolea" akiwa katika dakika ya ishirini ametoa ushahidi wa kweli juu ya alichokisikia hadi hapo. Anayeandika "haukukolea" lazima awe amezimaliza diski zote mbili. Mwulize basi mwenzako aliishia wapi. Kama aliishia diski ya kwanza, mwombe aandike "katika diski ya kwanza muziki haukukolea", na kama alizisikiliza zote na bado anashikilia "haukolei", neno hilo ni lake na lichapishwe.