Umepimaje? Ushauri kwa Anayeanza Kutengeneza Lori Lake la Zamani

Mwenye lori la zamani hudanganywa kwa urahisi kuliko mwenye gari jipya, na sababu si kwamba mafundi wanaoshika magari ya zamani wana roho mbaya kuliko wenzao. Lori la miaka ya 1960 au 1970 halina kompyuta ya kusomwa hitilafu, kwa hiyo fundi akisema injini imechoka, mwenye gari hana cha kushika ili kumpinga wala kumkubalia. Hubaki na neno la fundi na hofu yake mwenyewe. Hata hivyo, gari hilo hilo lina jambo ambalo magari mapya yamelipoteza: karibu kila sehemu yake inaonekana, inafikika kwa mkono na inapimika kwa vifaa vinavyoenea katika mfuko mmoja. Ndiyo maana huwaambia wanaoanza kwamba kazi ya kwanza ya kujifunza ni kupima, na kufungua nati hufuata baadaye. Anayejua kupima halaghaiwi kirahisi hata siku ambayo hana nafasi ya kujichafua mikono na amelazimika kulipeleka gari gereji.

Ni haki pia kutofautisha mwizi na asiyejua. Fundi aliyejifunza kazi kwenye magari ya kompyuta huenda hajawahi kufungua kabureta wala kurekebisha kontakti za distributa, vile viungo vidogo vinavyokata na kuunganisha umeme ili plagi zipate cheche. Anapobadilisha koili (kifaa kinachoongeza nguvu ya umeme wa plagi), kisha plagi, kisha distributa nzima mpaka gari liwake, hakukusudia kukuibia, ila hasara inayokupata ni ile ile. Mwizi halisi ana mbinu zake: hutoa kipuri kizima na kurudisha kilichochakaa, hutoza oili mpya ilhali ameongeza tu juu ya ile ya zamani, au hukuonyesha sumaku ya nati ya kumwagia oili iliyojaa utando wa kijivu na kukuapia kwamba giaboksi imekwisha. Utando ule laini, unaopakazika kama grisi, ni uchakavu wa kawaida wa gia. Cha kuogopa ni vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole. Kwa wote wawili, kishoka na mlaghai, swali la kuuliza ni moja: umepimaje? Anayejua kazi hujibu kwa namba au hukuita uone. Asiyejua hukasirika.

Kabla ya kununua spana yoyote, tafuta kitabu cha matengenezo cha kiwanda kinachohusu aina na mwaka wa lori lako, pamoja na kitabu cha vipuri chenye michoro na namba za kila kifaa. Namba ya kipuri hukuokoa na maneno ya "hiki hakipatikani tena," kwa kuwa beringi, sili na mikanda mingi ya malori ya zamani hutengenezwa hadi leo kwa vipimo vya kawaida vya viwanda. Usiamini mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari peke yake. Malori mengi ya umri huo yameshabadilishwa injini au giaboksi, kwa hiyo soma namba iliyopigwa kwenye bloku yenyewe.

Spana nazo zina siri yake. Malori ya Kijapani hutumia milimita, ya Kimarekani hutumia inchi, na ya Kiingereza ya zamani, kama Land Rover za Series, yanaweza kuchanganya nyuzi za bolti (mikato yake ya kuzungukia) za aina zaidi ya moja kwenye gari moja. Nusu inchi ni milimita 12.7, hivyo spana ya 13 huingia kwenye bolti hiyo kwa kulegea kidogo na kuivuruga kichwa mara tu unapoikaza kwa nguvu. Robo tatu ya inchi, kwa upande mwingine, ni milimita 19.05, na spana ya 19 huishika vizuri kabisa. Bolti zilizoviringika vichwa ni alama ya kwanza ninayoitafuta ninapolikagua lori lililopita kwenye mikono ya mafundi wengi, maana hunieleza walifanya kazi kwa spana gani na kwa haraka kiasi gani.

Umeme ndiko pesa nyingi zinakopotea bure, na ndiko ninakoshauri uanzie. Nunua mita ya umeme ya kawaida na ujifunze namba chache. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6; injini ikiwaka na chaji ikifanya kazi, usomaji hupanda kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Chunguza kwanza kama lori lako ni la volti 12 kweli, kwa sababu Ford za Marekani zilikuwa za volti 6 hadi 1955, na magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa upande wa chanya kwenye bodi badala ya hasi. Anayeunganisha betri kwa mazoea ya gari jipya huunguza vitu bila kujua kosa liko wapi.

Kipimo kinachonifaa kuliko vyote ni cha upotevu wa volti, na nitakieleza kwa mfano. Gereji moja ilishikilia kwamba stata ya lori langu imekufa kwa sababu injini ilikuwa ikizunguka kwa uvivu, na bei ya stata nyingine ilikuwa tayari imeandikwa kwenye karatasi. Nilichomoa waya mwembamba wa koili ili injini isiwake, nikahakikisha gia iko nyutro na breki ya mkono imevutwa, kisha nikagusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, si kwenye klipu, na ncha ya pili kwenye mwili wa stata. Msaidizi alipopiga stata, mita ilisoma karibu volti 3. Njia ya ardhi iliyo salama haipaswi kupoteza hata nusu volti wakati huo. Maana yake ni kwamba robo nzima ya nguvu ya betri ilikuwa ikiishia njiani kabla ya kufika kwenye stata. Injini hukaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo kiwanda huweka mkanda wa shaba kuiunganisha injini na chesisi. Mkanda wa lori langu ulikuwa umefungwa juu ya rangi na kutu. Niliufungua, nikasugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, nikaufunga upya na kuupaka grisi, na stata ile ile ingali ikifanya kazi.

Kuna jambo katika kipimo hicho ambalo wengi hulikosa. Ukipima waya mbovu wakati hakuna mzigo, mita itakuonyesha volti 12 kamili hata kama umebaki uzi mmoja tu wa shaba ndani yake, kwa sababu mita yenyewe haivuti umeme wa kutajika. Ubovu hujitokeza pale tu stata inapovuta. Fundi anayepima betri na waya huku gari limezimwa na kukutangazia kwamba waya ni mzima hajapima kitu. Kanuni hiyo ndiyo unayoitumia kwenye taa hafifu na dainamo inayosemekana haichaji. Mara nyingi shida huwa ni mkanda wa kuzungushia dainamo uliolegea, fyuzi yenye kutu au ardhi mbaya.

Kwa injini ya petroli, kontakti za distributa ndizo sehemu ya pili ya kuzoea. Kwenye injini nyingi za silinda nne nafasi yake ni milimita 0.35 hadi 0.40, lakini fuata kitabu chako, na uipime wakati kisigino cha kontakti kimepanda kileleni mwa kemu, kile kinundu kinachozunguka na kuzifungua kontakti. Rekebisha nafasi hiyo kwanza ndipo ugeukie taimingi, yaani wakati ambao cheche hutokea, kwa kuwa kuibadilisha nafasi kunahamisha na taimingi. Kabureta hubebeshwa lawama nyingi zisizo zake; gari linalokosa nguvu na kukohoa mlimani huenda lina kontakti zilizoungua au kondensa mbovu (kifaa kidogo kinachozikinga kontakti zisiungue), na yule aliyefungua kabureta kwanza ameongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Sasa tuje kwenye maneno yanayogharimu kuliko yote: "injini inataka kufunguliwa." Usikubali kabla ya kipimo cha kompresheni, yaani shinikizo la hewa inayobanwa ndani ya kila silinda. Kwa petroli, ipashe injini moto, toa plagi zote, zima mfumo wa kuwasha, kanyaga mafuta hadi mwisho ili hewa iingie bila kizuizi, kisha piga stata mpaka mshale wa geji uache kupanda. Andika namba ya kila silinda. Kiwango chenyewe hutegemea injini, na kitabu kitakutajia. Linalosema zaidi ni tofauti kati ya silinda. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, kuna sababu ya kuuliza. Mimina kijiko kidogo cha oili kwenye silinda iliyo chini na upime tena. Namba ikipanda sana, ringi za pistoni zimechakaa, kwa kuwa oili imeziba nafasi yake kwa muda. Isipopanda, hewa inatorokea kwenye valvu au gasketi, na silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, mara nyingi gasketi imekatika katikati yake.

Kabla ya kuihukumu valvu, pima tapeti, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa kati ya valvu na kinachoisukuma. Tapeti iliyokazwa kupita kiasi huiacha valvu wazi kidogo hata inapopaswa kufunga, na kompresheni hushuka kana kwamba valvu imeungua. Kurekebisha tapeti ni kazi ya saa chache kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) na spana mbili. Nimeona watu wakilipia silinda hedi kushushwa kwa tatizo ambalo lingemalizwa bila kumwaga maji ya rejeta. Tahadhari moja: dizeli hupimwa kwa geji yake maalumu, kwa kuwa shinikizo lake ni kubwa mno kwa geji ya petroli, na usiimiminie oili.

Dizeli ya zamani ina mtego wake unaojulikana. Lori likiishiwa mafuta, au filta ikibadilishwa, hewa huingia kwenye njia ya mafuta na injini hukataa kuwaka. Hapo ndipo utaambiwa pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli za kuirushia ndani ya silinda, imekufa. Legeza skurubu ya kutolea hewa kwenye filta, sukuma kishikio cha pampu ndogo ya mkono mpaka mafuta yatoke bila mapovu, kaza, kisha fanya vivyo hivyo kwenye pampu kubwa. Ikibidi, legeza nati za paipu kwenye nozeli huku msaidizi akipiga stata. Usiweke kidole mbele ya mafuta yanayoruka kutoka kwenye nozeli, kwani shinikizo lake linaweza kuyapenyeza chini ya ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbiziwa hospitali hata kama linaonekana dogo kama tundu la sindano.

Kuhusu usalama nitasema machache. Usiingie chini ya lori lililobebwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma kwenye chesisi, juu ya sakafu ngumu. Vumbi ndani ya dramu za breki za zamani linaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, kwa hiyo lilowanishe na kulifuta, usilipulize. Na kama magurudumu yako yana rimu za vipande zenye ringi ya kufungia, yaache kwa wenye kizuizi cha chuma cha kujazia upepo, kwa sababu ringi hiyo ikichomoka huua.

Bado utawahitaji mafundi. Pampu ya nozeli hukaguliwa juu ya mashine maalumu, na kuchonga silinda au krenki ni kazi ya karakana yenye mitambo. Tofauti ni kwamba sasa unakwenda na karatasi ya vipimo vyako, unaomba makadirio kwa maandishi, na unataka vipuri vya zamani virudishwe mkononi mwako. Kabla ya kuacha kitu chochote, piga nukta ndogo kwa sindano ya chuma mahali pasipotumika na upige picha namba zake. Fundi mwaminifu haudhiki na mambo hayo. Wengi wao hufurahi kumpata mteja wa kuzungumza naye.

Karakana ikikuambia kwamba bloku lazima ichongwe, omba kipimo cha kila silinda kwa juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazokingamana, kisha ulinganishe na kikomo kilichotajwa kitabuni. Uchakavu huwa mkubwa karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, kwa hiyo kipimo kimoja cha chini hakikuambii lolote. Kama kweli imepita kikomo, nunua pistoni za saizi inayofuata kwanza na uzipeleke pamoja na bloku, kwa kuwa mchongaji anapaswa kupima pistoni zenyewe na kuipa kila silinda nafasi inayoandikwa na mtengenezaji wa pistoni hizo. Bloku iliyochongwa kabla pistoni hazijapatikana inaweza kukulazimisha kuichonga tena.