Majibu ya Khalati: macho ya barazani

Khalati, shikamoo. Nina miaka 17, nakaa mtaa wa Langoni, Lamu. Jioni nikipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, naona barazani wote wanazitazama chunusi zangu. Siku hizi nazunguka vichochoro vya nyuma.

Marahaba mwanangu. Kutazamwa utatazamwa, sikufichi; njia za Lamu ni nyembamba na mabaraza hayakosi watu. Ila wanachokiona si kile unachokidhani. Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kuna wanafunzi walivishwa fulana yenye picha ya mwimbaji waliyoionea haya, wakaingizwa chumbani mwa wenzao. Walikisia karibu nusu wameitambua picha ile. Waliotambua ni kama robo tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Hao wa barazani nao wana bao lao, kahawa yao na siasa zao zisizokwisha.

Kuzunguka ndiko kunakoilisha hofu. Anza asubuhi, watu wachache, upite kipande tu, kesho ongeza. Moyo ukienda mbio, punguza mwendo, utoe pumzi taratibu kuliko ulivyoivuta. Mwenye kukutupia maneno, hayo ni utovu wake wa adabu, mshtaki kwa wakubwa wako. Na chunusi usizitumbue, zitaacha makovu. Ni homoni za balehe na mafuta yanayoziba vinyweleo. Si uchafu.

Shoga yangu anataka tupake krimu ya kujichubua kabla ya arusi ya dadake. Ni sawa?

Hapana! Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, na zebaki hupenya ngozini ikaharibu figo. Nyingine zina steroidi, ngozi ikawa nyembamba kama karatasi. Arusi ni siku chache. Pakaneni liwa, mnukie.

Mimi ni mvulana wa kidato cha tatu. Kila selfi pua yangu ni kubwa mno. Nafuta zote.

Simu umeiweka karibu mno, baba. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walipiga hesabu wakaona kwamba picha ya umbali wa sentimita 30 hivi huipanua pua kwa karibu asilimia 30, ukilinganisha na ya mita moja na nusu. Mpe mwenzio simu, asogee nyuma, akupige.

Lakini kama kioo kinakula saa nzima kila siku, au unakosa shule kwa ajili ya pua, hilo halitatuliwi na picha. Mwambie mzazi mwende hospitali, au piga 116, simu ya watoto. Hailipishwi.