Nani Anayepima Theluji ya Kilimanjaro?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila mwaka tunaambiwa kuwa theluji ya Kilimanjaro inapungua. Ni nani anayekaa kule juu akaipima? Na ikiisha, je, mto Pangani, ambako kaka yangu ana shamba, utakauka? Msomaji, Ngamiani, Tanga.

JIBU: Hakuna akaaye huko. Mwezi Februari 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, walisimika kituo cha hali ya hewa kinachojiendesha chenyewe juu ya uwanja wa barafu wa kaskazini, na wenzao wa Innsbruck, Austria, wakaongeza vituo vyao baadaye. Kituo cha namna hii ni mlingoti uliokitwa katika barafu, wenye vipimo vya joto, unyevu, upepo na mwanga, unaotumia betri zinazochajiwa na jua.

Theluji yenyewe hupimwa kwa njia ambayo mvuvi wa Tanga atiaye bildi, ile kamba ya kupimia kina cha maji, ataielewa upesi, ila hapa kamba ni sauti. Chombo kilichoelekezwa chini hutoa mlio usiosikika na binadamu, hungoja mwangwi wake, kisha hukokotoa umbali kwa muda uliopita: umbali ukipungua, theluji imeanguka, ukiongezeka, imeondoka. Kwa kuwa mwendo wa sauti hutegemea joto la hewa, hesabu hiyo husahihishwa kwa kipimajoto kilicho hapo hapo.

Vipimo vya mwanga navyo vina siri kubwa. Kimoja hutazama juu, kingine chini, na tofauti yao huonyesha kuwa theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, ilhali barafu kuukuu yenye vumbi hunyonya sehemu kubwa. Theluji isipoanguka, basi, barafu hubaki uchi mbele ya jua. Nami naona neno "kuyeyuka" halitoshi, kwani kileleni wastani wa joto ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri, na barafu nyingi hugeuka mvuke bila kuwa maji kwanza. Mwaka 1912 barafu ilienea kilomita za mraba zipatazo 12. Kufikia 2011 hazikutimia 2.

Ama Pangani, hautakauka kwa sababu hiyo, maana maji yake mengi hutokana na mvua inyeshayo kwenye misitu ya milimani, na mchango wa barafu ni mdogo sana. Kaka yako akitaka kujua maji ya msimu ujao, aulize kwanza vipimamvua vya msituni, kabla ya mlingoti wa kileleni.