Swali la lugha: Hundi "haijawasilishwa" au "haikuwasilishwa"?

Swali limetoka kwa msomaji wa Mwanga, Kigoma, anasomea cheti cha uhasibu. Anaandika hivi:

"Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu huwa tunajisomea pamoja jioni, tunafanya maswali ya mitihani iliyopita ya kusahihisha makosa na usuluhishi wa benki. Mtihani wenyewe ni wa Kiingereza lakini sisi tukikaa tunajadili kwa Kiswahili, na sasa tumebishana. Mmoja anasema hundi 'haikuwasilishwa' benki, mwingine anasema 'haijawasilishwa', mimi naona ni kitu kilekile. Halafu kuna anayesema kusahihisha makosa na anayesema kurekebisha, na kuna mmoja kila saa anasema akaunti 'imedebitishwa'. Tuelekeze."

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa kujisomea. Naanza na hilo la hundi maana ndo lenye uzito; kuwasilisha hundi ni aliyepewa kuipeleka benki alipwe. Si kitu kilekile hata kidogo, na mkiishika tofauti yake vizuri, sehemu kubwa ya swali la usuluhishi, yaani kulilinganisha daftari lako la fedha na taarifa ya benki mpaka yakubaliane, mtakuwa mmeshaipanga kichwani kabla hamjagusa kalkuleta.

Sikilizeni watu wanavyoongea huko huko kwenu. Mkulima wa Kasulu akisema "mvua haijanyesha" anaisubiri, mbegu iko ndani na jembe liko tayari. Akisema "mvua haikunyesha" huyo anasimulia msimu uliopita, mahindi yalishakauka. Mtoto akisema "sijala" mama anainuka kumpakulia, akisema "sikula" mama anauliza ilikuwa lini na kwa nini. Yaani -ja- inasema jambo halijatokea ila bado linategemewa, na -ku- inasema wakati wake umepita na halikutokea. Hakuna mtu aliyetufundisha hili, tumelinyonya na maziwa, ila tukifika kwenye mambo ya vitabuni tunalisahau na kuanza kuongea Kiswahili cha kukisia.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Tuseme kuna mfanyabiashara anauza dagaa na mawese kwa jumla. Tarehe 30 Juni daftari lake la fedha linaonyesha ana 1,840,000 benki. Taarifa ya benki ya siku hiyohiyo inasema ana 2,173,000. Zimepishana 333,000. Ukichunguza unakuta mambo haya: tarehe 28 alimwandikia hundi ya 420,000 mtu wa mawese wa Ujiji, na yule mtu hundi bado anayo mfukoni. Tarehe 30 jioni alipeleka benki 310,000, benki ikaja kuziingiza tarehe 1 Julai. Benki ilikata makato 18,000 ambayo yeye hakuyaandika. Mteja wa Kibondo alimwekea 250,000 moja kwa moja kwenye akaunti, nazo hakuziandika. Na kuna hundi ya 65,000 aliyoiandika kwenye daftari kama 56,000.

Semeni kila moja kwa sauti, kwa Kiswahili chenu cha kila siku, muone kitenzi kinakuja na nini. Mtu wa Ujiji hajaipeleka hundi. Benki haijaingiza zile 310,000. Hizo mbili zinakuja na -ja-, kwa sababu zitatokea, ni suala la siku tu. Ndo maana daftari la fedha huligusi kwa ajili yao, unaziweka kwenye taarifa ya usuluhishi: unachukua 2,173,000 unajumlisha 310,000 unatoa 420,000, inabaki 2,063,000. Halafu zile nyingine: makato hatukuyaandika. Pesa ya mteja hatukuiandika. Hundi ya 65,000 hatukuiandika ilivyo. Hizo zote ni -ku-, muda wa kuziandika ulishapita na wa kuziandika ni sisi, hakuna siku zitajiandika zenyewe, kwa hiyo dawa yake iko kwenye daftari letu: 1,840,000 toa 18,000 jumlisha 250,000 toa 9,000, nayo inakuja 2,063,000. Zimekutana.

Najua kuna atakayesema "lakini mwalimu mbona naweza kusema makato hayajaandikwa?" Unaweza, ni Kiswahili safi, na mwenye ofisi akimuuliza karani wake atasema hivyohivyo. Ila ukishafika tarehe ya kufunga mwezi na umekaa kutafuta tofauti imetoka wapi, jizoeze kuyasema na -ku-, kwa sababu hapo unataja lililokosewa. Mkisema kila kitu "haijaandikwa, haijaingizwa, haijawasilishwa" mtavichanganya vinavyosubiri na vilivyokosewa, na hapo ndo wanafunzi wengi wanapopotelea, wanajumlisha makato kwenye taarifa ya usuluhishi wanaacha daftari vilevile na mwisho salio halikubali.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawaliangalii, nalo ni kile kiambishi cha mwanzo, cha mtendaji. Mwenzenu anayesema "haikuandikwa" ametumia kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa inamficha mtendaji. Haikuandikwa na nani? Na sisi au na benki? Kwenye usuluhishi wa benki kuna madaftari mawili, letu na lao, kwa hiyo sentensi isiyotaja mtendaji ni nusu sentensi. Rudisheni mtendaji: hatukuandika, benki haijaingiza, mwenye hundi hajaipeleka. Hili linasaidia hasa kwenye makosa ya benki yenyewe. Benki ikikata kwenye akaunti yako hundi ya mtu mwingine kabisa, unasema "benki ilikosea", ni -li-, jambo limeshatokea na ni kosa, lakini daftari lako haliguswi maana wewe hukukosea. Unaliweka kwenye taarifa ya usuluhishi na unawaandikia benki walirekebishe. Kwa hiyo wakati peke yake hautoshi, muulizane vyote viwili, nani na lini.

Na hapa niseme kitu kuhusu kuandika. Wengi kwenye ile taarifa mnaandika "hundi zisizowasilishwa". Ni fupi na inasomeka vizuri, ila mkiichunguza ile -si- ya kirejeshi haina wakati ndani yake. Zisizowasilishwa zinaweza kuwa ambazo hazijawasilishwa, ambazo hazikuwasilishwa, hata ambazo huwa haziwasilishwi. Mnapojifunza andikeni ndefu, "hundi ambazo hazijawasilishwa", mkishazoea mtafupisha mkijua mnafupisha nini. Tena hundi hiyohiyo inaweza kuhama: mtu wa Ujiji akikaa nayo mpaka ikapitwa na muda wake benki hawaipokei tena, basi haijawasilishwa imegeuka haikuwasilishwa, na papo hapo hesabu nayo inageuka, zile 420,000 unazirudisha kwenye daftari la fedha na deni lake unalirudisha kwenye leja yake. Kitenzi kimehama na pesa imehama pamoja nacho.

Kwenu Kigoma, na Tabora pia, mna kitu kingine kizuri ambacho Kiswahili sanifu hakina, ile -ga ya mwishoni. "Benki inakataga elfu kumi na nane", "huyu analipaga kwa hundi". Imetoka kwenye lugha zetu za huku, Kiha, Kinyamwezi, Kisukuma, na maana yake ni jambo la mazoea. Kwenye maandishi rasmi tumieni hu-, "benki hukata", "hulipa kwa hundi", hilo sitalipinda, ila mkiwa mnajadili jioni msiionee aibu -ga maana inawaonyesha upesi vitu vya kujirudia kama agizo la kudumu la bima, lile benki inalolilipa yenyewe kila mara kwa maagizo yako, au makato ya kila mwezi. Ukisikia mdomo wako umesema "inakataga", fungua daftari la fedha uangalie kama mwezi huu uliiandika.

Tuje kwenye kusahihisha na kurekebisha. Yote ni maneno sahihi na watu wanayabadilishana, mimi napenda kuyatenga hivi: kosa linasahihishwa, salio linarekebishwa. Kusahihisha ni kuliondoa kosa mahali pake, kurekebisha ni kulisogeza salio lifike panapotakiwa. Ambalo ningewaomba mliache ni kufuta, kwa sababu kwenye vitabu vya hesabu kosa halifutwi, linabaki linaonekana na unaandika ingizo lingine la kulinyoosha, ili mkaguzi akija aone njia yote.

Kwenye kusahihisha makosa napo Kiswahili kinawabeba mkikiacha kifanye kazi. Mjiulize maswali matatu kwa mpangilio huu: iliandikwaje, ilitakiwa iandikweje, sasa tuandikeje. Chukueni mfano, yule mfanyabiashara alinunua mizani ya dukani kwa 180,000 taslimu akaidebiti kwenye manunuzi. Iliandikwaje: manunuzi debiti (upande wa kushoto wa akaunti), fedha krediti (upande wa kulia). Ilitakiwa iandikweje: vifaa debiti, fedha krediti. Mnaona fedha iko sawa pande zote, hatuna ugomvi nayo. Sasa tuandikeje: vifaa debiti 180,000, manunuzi krediti 180,000. Hilo ni kosa la kanuni, kitu cha kudumu kimetupwa kwenye bidhaa za kuuza, na trayo balansi, ile orodha ya masalio ya kupima kama debiti na krediti zinalingana, haitawaambia kitu, itakubali vizuri tu.

Makosa yote ya aina hiyo ambayo trayo balansi haiyaoni, mkiyasema kwa Kiswahili yanajipanga. Lile la kuacha ni "haikuandikwa", basi, hakuna sentensi ya pili. Mengine matano yote yanaanza na "iliandikwa, lakini": lakini kwa mtu mwingine, lakini kwenye akaunti ya aina nyingine, lakini kiasi sicho, lakini debiti imekaa kwa krediti, lakini kosa jingine likaja likalifidia. La kuacha linahitaji ingizo moja tu la kawaida kama vile jambo limetokea leo. Ya "lakini" yanahitaji mjue kwanza kilichopo ndo mkigeuze, na la kugeuza pande ndo linawaponza wengi: kodi ya pango 120,000 ikidebitiwa kwenye fedha na kukreditiwa kwenye kodi, masahihisho yake ni 240,000, maana 120,000 za kwanza zinaondoa ulichoandika vibaya na 120,000 za pili ndo zinaandika kilichotakiwa. Wanaosema kwa kitenzi kimoja "tugeuze" wanaandika 120,000 na wanapoteza alama. Semeni viwili, "tuondoe, halafu tuandike".

Akaunti ya saspensi, ile ya kushikilia tofauti kwa muda mpaka kosa lipatikane, ni ya yale ambayo trayo balansi imeyaona, yaani upande mmoja umezidi mwingine, huko sitakaa sana kwa sababu kwenye lugha haina tatizo. Niwape tu hili la zile 65,000 na 56,000: tarakimu mbili zikipishana nafasi, tofauti siku zote inagawanyika kwa tisa, hapa ni 9,000. Mkipata tofauti inayogawanyika kwa tisa, kabla ya kitu kingine tafuteni namba iliyogeuzwa. Si lazima iwe ndiyo, ila pa kuanzia ni hapo.

Na la mwisho, "imedebitishwa". Debiti na krediti ni maneno ya mkopo yanayoishia na i, na vitenzi vya namna hiyo tunavyo vingi tu, fikiri, hitaji, jadili. Kutendwa kwake ni fikiriwa, hitajiwa, jadiliwa, kwa hiyo debitiwa na kreditiwa. Debitisha inaundika, ila maana yake ni kumfanya mtu mwingine adebiti, ambayo kwenye vitabu hamuihitaji. Mwambieni mwenzenu aandike "akaunti imedebitiwa", na akiweza ataje na aliyeidebiti: tumeidebiti sisi, au benki imeidebiti. Ni hapo pia mtaelewa kwa nini pesa ikiingia kwenu nyinyi mnadebiti benki na benki wanaandika wamewakrediti: akaunti ni ya pesa ileile ila wao wanaiandika kama deni wanalodaiwa na nyinyi, na nyinyi mnaiandika kama mali mliyonayo kwao.